Kuchagua umeme wa nyumbani mkoani Mara

Kuchagua umeme wa nyumbani ni uamuzi wa kaya kuhusu chanzo cha umeme itakaoutumia, bei itakayolipa na namna ya kuunganishwa. Katika nchi kadhaa za Ulaya uamuzi huo huanza kwa kuchagua kampuni ya kununulia umeme. Katika Tanzania Bara, ikiwemo Musoma, Bunda na Butiama katika mkoa wa Mara, hali ni tofauti: anayeuza umeme wa gridi ya taifa kwa kaya ni mmoja tu, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), na mteja hawezi kuhamia kampuni nyingine.

Hata hivyo kaya inabaki na uchaguzi katika mambo matatu. La kwanza ni kundi la bei ambalo mita yake imewekwa. La pili ni namna ya kuunganishwa, yaani kuwa na mita yake au kuchangia mita na wengine. La tatu ni chanzo chenyewe: gridi ya taifa, sola ya nyumbani, gridi ndogo ya kijiji, au mchanganyiko wa hivyo. Kwa familia yenye kipato kidogo, tofauti kati ya uchaguzi mmoja na mwingine inaweza kuwa maelfu ya shilingi kila mwezi.

## Sababu ya kuwa na muuzaji mmoja

Biashara ya umeme nchini ilianza kama shughuli ya kampuni binafsi. Mwaka 1931 zilianzishwa kampuni mbili, moja ikihudumia Dar es Salaam na miji mingine iliyo kando ya reli ya kati, nyingine ikihudumia upande wa kaskazini. Mwaka 1964 serikali ilinunua hisa katika kampuni hizo, na baadaye huduma yote ikawa chini ya TANESCO.

Tangu sera ya nishati ya mwaka 1992, kampuni binafsi zimeruhusiwa kuzalisha umeme. Lakini kampuni kama Songas, iliyotumia gesi asilia ya Songo Songo, iliiuzia TANESCO umeme wake, si kaya. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliweka utaratibu wa leseni chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ambayo pia huidhinisha bei. Mwaka 2014 serikali ilitoa mkakati wa mageuzi wa 2014–2025 uliolenga kutenganisha hatua kwa hatua uzalishaji, usafirishaji na usambazaji wa umeme. Mpango huo haukuifikisha kaya mahali pa kuchagua muuzaji, na usambazaji umebaki mikononi mwa TANESCO.

## Makundi ya bei

Wateja wa TANESCO wamegawanywa katika makundi. Yanayohusu kaya ni mawili:

* D1 ni kundi la watumiaji wadogo wa majumbani. Uniti 75 za kwanza za mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350.
* T1 ni kundi la matumizi ya kawaida, likiwemo la nyumba kubwa, maduka na mashine ndogo. Kila uniti hutozwa shilingi 292, iwe ya kwanza au ya mwisho.

Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Bei hizo ni za agizo la EWURA lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2016. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na asilimia 1 ya EWURA, jumla asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya D1 humfikia mteja kwa shilingi 122, na uniti ya T1 kwa takriban shilingi 356.

Jedwali lifuatalo linaonyesha malipo ya mwezi, pamoja na makato hayo, kwa viwango mbalimbali vya matumizi:

| Uniti kwa mwezi | D1 (shilingi) | T1 (shilingi) |
|---|---|---|
| 30 | 3,660 | 10,687 |
| 75 | 9,150 | 26,718 |
| 100 | 19,825 | 35,624 |
| 200 | 62,525 | 71,248 |
| 350 | 126,575 | 124,684 |

Jedwali linaonyesha jambo ambalo wateja wengi hawalitarajii. Ingawa D1 ina bei ya shilingi 350 kwa uniti zinazozidi 75, jumla ya malipo hubaki ndogo kuliko ya T1 mpaka matumizi yafike takriban uniti 323 kwa mwezi. Ndiyo sababu kundi la D1 halichaguliwi kwa hiari tu. Limekusudiwa watumiaji wadogo, na mteja anayezidi uniti 75 mara kwa mara huhamishiwa T1.

Kinyume chake pia hutokea. Mita inaweza kuwa T1 kwa sababu nyumba iliwahi kuwa na matumizi makubwa, labda fremu ya saluni au mashine ya kuchomelea, ilhali sasa wanaoishi humo ni watu wawili wenye taa na televisheni. Mteja wa namna hiyo anaweza kuomba katika ofisi ya TANESCO ya wilaya kuhamishiwa D1. Shirika hupitia kumbukumbu za manunuzi yake kabla ya kuamua. Kwa kaya inayotumia uniti 75, kuhama huko hupunguza malipo ya mwezi kwa shilingi 17,568.

### Kutambua kundi la mita

Mita nyingi za majumbani ni za malipo ya kabla, zinazojulikana kama LUKU, kifupi cha "Lipa Umeme Kadri Utumiavyo". Njia rahisi ya kutambua kundi ni kusoma ujumbe wa manunuzi unaokuja na tokeni. Kiasi kilichobaki baada ya makato yasiyo ya umeme, kama kodi ya majengo au deni, kikigawanywa kwa idadi ya uniti, jibu la karibu 122 ni D1, na la karibu 356 ni T1. Hesabu hiyo ifanyike kwa manunuzi ya mwanzo wa mwezi, kabla ya uniti 75 kupita.

Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi pale inapohusika. Anayenunua umeme wa shilingi 5,000 mwanzoni mwa mwezi huwa ananunua wa shilingi 3,500 tu, na kwa D1 hupata uniti zisizofika 29 badala ya 41. Watu wengi wakiona hivyo hudhani bei ya umeme imepanda. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, hivyo mpangaji anayeilipa kupitia mita ana hoja ya kuelewana naye ili ipunguzwe kwenye pango.

## Nyumba ya kupanga yenye mita moja

Mjini Musoma na Bunda kuna nyumba nyingi za kupanga ambamo vyumba kadhaa hutumia mita moja, na wapangaji huchangishana. Mpangilio huo huathiri bei kuliko tabia ya mpangaji yeyote mmoja.

Tuchukue nyumba yenye kaya nne, kila moja ikitumia uniti 30 kwa mwezi. Kila kaya peke yake ni mtumiaji mdogo kabisa. Lakini mita inaona uniti 120, na kwa matumizi hayo ya kila mwezi inaishia T1. Malipo ya pamoja yanakuwa takriban shilingi 42,749. Kama kila kaya ingekuwa na mita yake ya D1, jumla ya malipo yao wote ingekuwa shilingi 14,640. Kila kaya inalipa zaidi kwa takriban shilingi 7,000 kila mwezi kwa sababu tu ya kuchangia mita.

Iwapo inafaa kuongeza mita hutegemea gharama ya kuunganishwa. Tangu Januari 2022, kuunganishwa mjini kwa njia moja, pasipo kuhitaji nguzo na ndani ya mita 30, kumegharimu shilingi 320,960. Vijijini gharama imekuwa shilingi 27,000. Kwa mfano huu, mita ya kijijini hurudisha gharama yake kwa miezi minne hivi, na ya mjini kwa takriban miezi 46. Mpangaji wa mjini ambaye hajui kama mwakani atakuwa bado katika chumba hicho hana sababu ya kulipia mita hiyo mwenyewe. Anayefaidika kwa muda mrefu ni mwenye nyumba, na uamuzi huo kwa kawaida ni wake.

## Je, gridi ina umeme jadidifu wa kuchagua?

Umeme jadidifu ni ule unaotokana na vyanzo vinavyojirudia, kama maji, jua, upepo na joto la ardhi. TANESCO haina bei maalumu kwa mteja anayetaka umeme jadidifu peke yake. Umeme wa vyanzo vyote huingia katika nyaya zilezile na kuchanganyika. Anayewasha taa Kiabakari, wilayani Butiama, hupata mchanganyiko uleule anaoupata mtu wa Dar es Salaam.

Mchanganyiko wenyewe umebadilika sana. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ilitokana na gesi asilia na mabwawa ya zamani. Kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 kulikuwa na mgao wa umeme nchini. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ulianza kuzalisha. Bwawa hilo, lililopewa jina la rais wa kwanza aliyezaliwa Butiama, limeundwa kuwa na mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Karibu zaidi na Mara kuna mradi wa Rusumo katika mto Kagera, wenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Kwa hiyo mteja wa gridi tayari hutumia kwa sehemu kubwa umeme wa maji bila kuuomba. Kasoro ya chanzo hicho ni kwamba hutegemea mvua, na ukame mkali unaweza kurudisha mgao. Pia si kila giza ni la upungufu wa uzalishaji. Nguzo iliyoanguka au transfoma iliyoharibika huzima umeme hata kama mabwawa yamejaa.

## Sola ya nyumbani

Kaya inayotaka kumiliki chanzo chake cha umeme jadidifu huelekea kwenye sola. Mfumo mdogo una sehemu nne: paneli inayogeuza mwanga kuwa umeme, betri inayouhifadhi, kidhibiti kinachozuia betri kuchajiwa au kuishiwa kupita kiasi, na vifaa vyenyewe. Inveta huongezwa pale vifaa vinapohitaji umeme wa volti 230.

Paneli ya wati 100 ikipata jua kali la saa tano kwa siku huzalisha wati-saa 500. Sehemu hupotea katika joto, nyaya na betri, na zinabaki takriban 350. Hizo zinatosha taa nne za wati 9 kwa saa tano na televisheni ya wati 40 kwa saa nne. Hazitoshi pasi ya wati 1,000, ambayo ingezimaliza kwa dakika 21. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini inashauriwa kutumia nusu tu ili isife mapema.

Wati-saa 350 kwa siku ni takriban uniti 10.5 kwa mwezi. Kwa bei ya D1, uniti hizo zingegharimu shilingi 1,281. Hapa ndipo uamuzi ulipo. Mahali ambapo gridi imefika na kaya iko D1, sola haiwezi kushindana kwa bei, kwa kuwa betri peke yake hugharimu zaidi ya umeme wa gridi wa miaka kadhaa. Faida ya sola ni nyingine: inawaka wakati gridi imezima, na inawaka mahali ambapo nguzo haijafika. Inapaswa kulinganishwa na mafuta ya taa, tochi za betri kavu na malipo ya kuchaji simu dukani.

### Mikopo ya sola

Kampuni kadhaa zimeuza sola kwa malipo kidogo kidogo kupitia simu. Off Grid Electric, iliyoanzia Arusha na baadaye kuitwa Zola Electric, ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Mobisol ya Ujerumani pia ilifanya kazi Tanzania kabla ya kununuliwa na ENGIE ya Ufaransa mwaka 2019. Kwa kawaida mteja hutoa malipo ya awali, kisha hulipa kwa siku, wiki au mwezi, na mfumo hujizima malipo yakichelewa.

Kabla ya kutia saini, mambo yafuatayo ndiyo huleta hasara yasipoulizwa:

* jumla ya malipo yote hadi mwisho wa mkataba, si kiasi cha siku tu;
* muda wa dhamana ya betri ukilinganishwa na muda wa mkopo, kwani betri ikifa kabla ya deni kuisha mteja hulipia giza;
* kama mfumo unakuwa mali ya mteja mkopo ukiisha;
* kama vifaa vya duka lingine vinaweza kutumika katika mfumo huo;
* mpango wa kufikisha gridi katika kitongoji.

Swali la mwisho huulizwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji wa kijiji au katika ofisi ya TANESCO. REA, iliyoanza kazi mwaka 2007, ilijikita kwanza katika kufikisha umeme kwenye kila kijiji, na kazi ya vitongoji imefuata. Kijiji kinahesabiwa kimefikiwa hata kama nyaya zinaishia shuleni, kwenye zahanati na kando ya barabara. Kaya iliyo kilomita mbili kutoka hapo bado haina gridi. Kwa kaya hiyo sola inaweza kuwa uamuzi mzuri kwa miaka mingi. Kwa jirani ambaye nguzo zimeshalazwa mbele ya nyumba yake, mkopo wa miaka mitatu una maana ndogo.

## Gridi ndogo

Njia ya tatu ni gridi ndogo, ambayo ni mtambo mmoja unaohudumia kijiji au kisiwa pekee. Mfano unaojulikana uko jirani na Mara. Kutoka Kisorya, wilayani Bunda, wasafiri huvuka kwa kivuko hadi Rugezi katika wilaya ya Ukerewe, mkoa wa Mwanza. Kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Ukerewe kuna kisiwa cha Ukara, na huko Bwisya kampuni ya JUMEME ilianza mwaka 2016 kuuza umeme wa sola unaosaidiwa na betri na jenereta.

Bei ya mwanzo ilizidi shilingi 1,000 kwa uniti, mara nyingi zaidi ya bei ya D1, kwa sababu gharama za mtambo ziligawanywa kwa wateja wachache. Mwaka 2020 serikali iliagiza watoa huduma wa aina hiyo watoze shilingi 100 kwa uniti. Wateja walipata nafuu kubwa, lakini gharama za mwekezaji hazikupungua. Tukio hilo linaonyesha ugumu wa msingi wa gridi ndogo. Bei ya chini ya gridi ya taifa huwezekana kwa kuwa watumiaji wakubwa na wadogo wa nchi nzima hubeba gharama pamoja, na kisiwa kimoja hakina watu wa kutosha kufanya hivyo. Bila ruzuku, ama mteja hulipa sana au mtambo hukosa matengenezo.

## Kupikia na mpaka wa uniti 75

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Umeme ni mojawapo ya nishati hizo, na kwa mteja wa D1 unagongana na mpaka wa uniti 75.

Jiko la presha la umeme la wati 1,000 likivuta umeme kwa nusu saa hutumia nusu uniti, yaani shilingi 61 kwa D1. Likitumika mara mbili kila siku hufikia uniti 30 kwa mwezi. Kaya yenye taa, televisheni na simu pekee inaweza kupika hivyo na kubaki chini ya 75. Kaya yenye friji, ambayo yenyewe inaweza kula uniti moja kwa siku, itakuwa karibu na mpaka au juu yake. Ikizidi mara kwa mara, bei ya uniti zote hupanda karibu mara tatu, zikiwemo za taa. Kabla ya kununua jiko ni vyema kusoma mita kwa mwezi mzima ili kujua nafasi iliyobaki.

## Hali katika nchi nyingine

Nchini Uganda, kampuni ya Umeme Limited ilisambaza umeme tangu 2005 hadi 31 Machi 2025, kisha kazi ikarudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Mtoa huduma alibadilika, lakini kwa uamuzi wa serikali, si wa kaya. Nchini Kenya, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilifungua nafasi kisheria kwa wauzaji wengine, lakini Kenya Power imebaki muuzaji mkuu. Zanzibar huhudumiwa na ZECO, inayopokea umeme kutoka Bara kwa nyaya zilizopita chini ya bahari.

Nchini Uingereza, tangu 1999 kila kaya inaweza kuchagua kampuni. Kubadilisha hakubadilishi waya wala mita, bali anayetuma bili. Baadhi ya kampuni huuza bei ya "umeme wa kijani": hununua vyeti vinavyothibitisha kwamba kiasi fulani cha umeme jadidifu kimezalishwa na kuingizwa kwenye gridi. Umeme unaofika nyumbani hubaki mchanganyiko uleule. Ushindani huo uliwapa wengi bei nafuu, lakini bei ya gesi ilipopanda mwaka 2021 zaidi ya kampuni 20 zilifilisika na wateja wao wakahamishiwa kwingine.

## Malalamiko

Kwa kuwa mteja wa TANESCO hawezi kuondoka, haki ya kulalamika ina uzito wa pekee. Lalamiko kuhusu kundi la bei, mita mbovu au kucheleweshwa kuunganishwa hupelekwa kwanza ofisi ya TANESCO ya wilaya, kwa maandishi, pamoja na namba ya mita na ujumbe wa manunuzi. Asiporidhika, mteja hulipeleka EWURA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) huwasaidia watumiaji kuelewa na kufuata utaratibu huo bila malipo.